Wambui wa Pembeni

Utotoni mwangu kitu kilichonitia hofu kuliko fisi, na kuliko hata mwalimu wetu wa hesabu, kilikuwa bahasha ya picha. Bahasha yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa ya karatasi ya manjano, baba akiileta kutoka Nakuru mjini kila alipokwenda kuosha filamu, na watoto wenzangu pale Subukia waliikimbilia wakitaka kujiona. Mimi nilikuwa nikijificha nyuma ya tangi la maji mpaka mtu aje kuniambia kwamba nimetokea.

Leo ninaishi kwa kazi hiyo hiyo ya picha. Nina studio yangu Nakuru, nimepiga harusi na mahafali na mazishi yasiyo na idadi, hata mashamba ya maua ya Naivasha huniita niwapigie picha za kalenda. Lakini kila ninapofungua picha za kazi kwenye kompyuta, macho yangu huanzia pembeni, upande wa kulia. Nikishaukagua ukingo ndipo naangalia kama bibi harusi amependeza. Wasaidizi wangu hunicheka na kusema bosi wao ana wasiwasi wa bure. Nawaacha wacheke, maana hadithi yenyewe ni ndefu na chakula cha mchana ni kifupi.

Baba alikuwa mkulima siku za kazi na mpiga picha siku ya Jumapili. Kamera yake aliinunua kuukuu kutoka kwa mzee mmoja wa mjini aliyekuwa akiacha kazi hiyo. Alisimama nje ya kanisa akiwa ameivaa shingoni, na watu wakitoka ibadani walipanga foleni mbele ya ua wa miti ya saipras, wamevaa vizuri, wamenyooka kama wanaimba wimbo wa taifa. Filamu ilipojaa ndipo alipokwenda nayo mjini. Kwa hiyo mtu alipigwa picha leo akakaa wiki nyingi bila kujua kama ametokea au la. Vijana wanaonisaidia sasa hawawezi kuelewa muda ule wa kusubiri. Wao wakipiga wanaona hapo hapo.

Picha ikiharibika tulisema imechomeka. Ikichomeka yote, lawama zilikuwa za kamera au za wale waoshaji wa mjini. Lakini wazee wa kwetu walikuwa na jambo lao: wote wakitokea halafu mmoja tu asionekane, huyo si kamera iliyomkosa. Huyo ameshaanza kuondoka, na filamu imetangulia kujua. Jambo hili lilisemwa kwa sauti ya chini, na waliolisema walikuwa watu wa kanisa kama sisi, Biblia zao kwapani.

Labda lingebaki maneno ya wazee tu, kama si Njoroge. Njoroge alikuwa kijana aliyepeleka maziwa kwa mkokoteni wa punda na kuimba sauti nene kwenye kwaya. Baba aliwapiga picha wanakwaya mbele ya kanisa, na picha ilipokuja wote walikuwa wamependeza isipokuwa yeye, aliyesimama mwisho upande wa kulia. Mwali mweupe ulikuwa umeshuka kutoka juu hadi chini ukamfunika, ukingo wake una rangi ya machungwa. Njoroge mwenyewe alicheka.

"Wacheni wivu," alisema. "Malaika huwa wanatokea hivyo."

Kabla mahindi hayajakomaa, tumbo lilimshika ghafla, akapelekwa hospitali Nakuru, akarudi ndani ya jeneza. Baada ya hapo kupiga picha pale kanisani kukawa vita. Kila mtu alitaka katikati. Kina mama wazima walipigana vikumbo mbele ya ua wa saipras, na baba alibaki akiwapangia wanaume nafasi za pembeni huku wakimwambia, "Boss, mimi usiniweke huko mwisho." Nilikuwa mdogo, niliona ni mchezo wa kuchekesha. Sikujua kwamba mwisho wa ule mstari palikuwa pananingoja.

Hapa lazima nimtaje Shosho, mama yake baba, maana bila yeye sina hadithi. Aliishi kwenye nyumba yake ndogo hapo hapo bomani, na mimi ndiye niliyepewa jina lake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na jina hilo si jina tu. Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu, hata aliponigombeza. Shosho naye alinizungumzia kama vile mimi ni yeye mwenyewe. Nikirudi shuleni aliniuliza, "Leo nimefunzwa nini?" Nikichapwa, alilalamika siku nzima kwamba mwalimu amemchapa. Wageni walidhani ameanza kuchanganyikiwa, nasi tulicheka. Ndivyo tulivyokuwa: Wambui mkubwa na Wambui mdogo, mtu mmoja kwenye magauni mawili.

Krismasi ya mwaka ule baba alitupanga mbele ya nyumba. Shosho aliketi kwenye kiti katikati, Mama kando yake amembeba mtoto, kaka yangu Kimani upande mmoja, mimi mwisho upande wa kulia. Nilikuwa na gauni jipya la manjano lenye marinda mabegani, na kiburi chake kilinitosha kusimama popote. Kimani alikuwa amepotelea ndani akitafuta kiatu, kwa hiyo kamera ilikaa juu ya stuli juani kwa muda mrefu huku tukimwita. Mwishowe akaja, baba akapiga, tukaenda kula.

Bahasha ilifika Januari, shule zikiwa zimefunguliwa. Shosho alifuta mikono kwenye aproni, akaishika picha mbali na macho yake jinsi wazee wanavyofanya, akaiangalia. Akaigeuza kidogo. Akaiangalia tena.

"Niko wapi?" aliuliza.

"Si huyo hapo katikati, Shosho," Kimani akasema.

"Huyo ni mimi mkubwa. Nimeuliza niko wapi."

Nilijipenyeza chini ya mkono wake nikaona mwenyewe. Mahali nilipokuwa nimesimama palikuwa na mwali mweupe, ule ule wa Njoroge, na ukingo wake wa machungwa. Ncha ya kiatu changu cha kulia ndiyo peke yake iliyokuwa imebaki duniani.

"Hiyo imechomeka tu," Mama alisema haraka, akainyakua picha na kuitia kwenye Biblia. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Watoto husikia vitu hivyo vizuri kuliko maneno.

Kuanzia siku hiyo nilianza kujikagua. Nilichungulia ndani ya pipa la maji kuona kama uso wangu bado umo. Nilitembea kando ya ukuta jioni kuangalia kivuli changu. Nilimwendea Kimani, aliyekuwa akimkamua ng'ombe, nikamuuliza kwa upole kabisa, "Kimani, unaniona?"

Akainua kichwa, akaangalia huku na huku. "Ni nani anaongea?"

Nilipiga yowe hadi Mama akatoka jikoni na mwiko. Kimani alichapwa vizuri, nikashukuru, lakini yowe lile lilikuwa limetoka mahali pa kweli na halikurudi.

Habari zilisambaa, sijui nani alizitoa. Msichana niliyeketi naye dawati moja alihamishwa na mama yake. Wateja wa baba walipungua mpaka akawa anarudi kutoka kanisani na kamera shingoni bila kupiga hata mtu mmoja. Nyumbani sikutumwa tena mtoni wala kwenye mashine ya kusaga unga. Hakuna aliyeniambia neno baya, na huo upole ndio ulionimaliza. Nilijua nimekwisha siku Mama aliponipa yai zima peke yangu, na Kimani hakulalamika.

Baba alijaribu kunitoa hofu kwa njia yake. Aliniita mezani, akaifungua kamera mlango wake wa nyuma, akanionyesha ukanda mweusi uliozunguka ukingo. Ulikuwa umeoza, unanata kama lami.

"Maitu, ona hii sponji. Imekwisha. Kamera ikikaa kwa jua, mwangaza inapita hapa, inachoma hii side. Hakuna kitu ingine."

Niliangalia. Nilitaka kuamini, Mungu ananijua.

"Hata ya Njoroge iliingilia hapo?"

"Hapo hapo."

"Na si alikufa?"

Baba aliifunga kamera polepole. Akatafuta tepu nyeusi ya fundi umeme, akaufunika ule ukingo wote, akakata kwa meno. Alifanya hivyo bila kunitazama.

Haikupita muda nikaugua. Lilianza tumbo. Ungekuwa mguu au sikio, labda tungestahimili, lakini lilikuwa tumbo, kama la Njoroge, likafuatwa na joto lililonifanya niongee ovyo. Mama alinibeba mgongoni hadi zahanati, nami mkubwa hivyo, miguu ikining'inia. Daktari alisema ni homa ya matumbo, akatoa dawa chungu na kusema nitapona. Mama aliitikia "ndio daktari, ndio daktari," lakini njiani kurudi nilisikia mgongo wake ukitetemeka. Nilidhani anacheka.

Nikiwa kitandani nilihesabiwa miongoni mwa wafu tayari. Watu wa kanisa walikuja kuomba, wakasimama mlangoni zaidi kuliko kando ya kitanda. Shosho peke yake ndiye aliyeketi nami. Hakuomba wala hakulia. Alinilisha uji kwa kijiko na kuniangalia kwa makini, macho yamekunjwa, jinsi alivyokuwa akiangalia mbuzi sokoni kabla ya kupatana bei. Kuna jambo alikuwa akilipima, na sikujua ni lipi.

Jumapili moja mchana, mimi nikiwa nimeanza kumeza kitu kikakaa, alikuja amevaa gauni lake la Krismasi.

"Ndung'u," alimwita baba. "Leta kamera. Na kila mtu avae zile nguo za Krismasi."

Baba alifurahi. Nakumbuka furaha yake vizuri kwa sababu ilikuwa siku nyingi hatujaiona. Alidhani mama yake anataka picha irudiwe ili mimi nionekane na maneno yaishe. Mama alinivika gauni la manjano, likanining'inia kama liko kwenye kamba ya nguo. Tulitoka nje tukajipanga. Nami, kwa kuwa nilikuwa mtoto mtiifu na mtiifu hufa akiwa kwenye mstari, nikaenda mwisho upande wa kulia.

Shosho hakuketi. Alimsukumia Mama kile kiti cha katikati, akaja hadi niliposimama, akanishika bega la kushoto.

"Songa."

Nikasonga.

"Songa tena."

Akasimama mahali pangu.

"Mama, rudi kwa kiti," baba alisema. "Wewe hukai hapo."

"Leo nakaa hapa. Hapa ni pa Wambui. Na mimi ni nani?"

Baba alijaribu kucheka. Shosho hakucheka naye.

"Kama kuna kitu imekuja kutafuta Wambui," alisema, "haikusema ni Wambui mgani. Kuna Wambui amekula chumvi yake amemaliza, na kuna Wambui hata meno haijaisha kumea. Ichukue ile iko tayari."

"Mama, tafadhali," Mama alisema kutoka kwenye kiti, na mtoto akaanza kulia.

Shosho alikuwa ameshaigeukia kamera. "Na hiyo kitu nyeusi umebandika ni ya nini?"

"Ni tepu. Ndio mwangaza isiingie."

"Itoe."

"Itaharibu picha, Mama."

"Itoe, halafu uiweke kwa stuli, kwa jua, vile ilikuwa ile siku."

Baba alisimama na kamera mikononi. Alianza kumweleza habari za sponji, za mlango wa nyuma, jinsi alivyonieleza mimi, na sauti yake ikazidi kupanda. Shosho alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni mwangaza tu," alisema.

"Ni mwangaza tu."

"Basi mbona unaogopa kutoa?"

Nimepiga picha za watu wengi wakiwa wamekosa la kusema, mabwana harusi, wanasiasa walioshindwa, lakini sijaona tena uso kama ule wa baba. Nilimwangalia yeye badala ya kuiangalia kamera. Kama kweli alikuwa anaamini alichonifundisha pale mezani, angecheka na kuibandua tepu kwa mkono mmoja. Hakucheka. Macho yake yalitoka kwa mama yake yakaja kwangu, yakarudi kwa mama yake, na mimi niliyekuwa mtoto nikaelewa kwamba baba yangu anatakiwa kuchagua, na kwamba anaogopa kama mimi.

Aliibandua. Tepu ilitoa sauti ya kuchanika, ndefu. Akaiweka kamera juu ya stuli, tukasimama pale juani tukiitazama ikikaa tu, kama watu wanaongoja chungu kichemke. Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye mibuni. Shosho hakuondoa mkono wake begani mwangu. Miguu yangu ilikuwa dhaifu, nikaanza kuyumba kumwelekea, naye akanisukuma tena upande wa wenzangu, kwa nguvu, hata nikamkanyaga Kimani.

"Sasa piga," Shosho akasema.

Baba aliinua kamera. Alipobonyeza, alikuwa amefumba macho.

Halafu tukaanza kungoja, na kungoja huko sikutakii hata adui. Filamu haikuwa imejaa, na hakuna mtu aliyetaka kupigwa picha na kamera ile. Baba akampiga picha ng'ombe. Akaupiga ua, akalipiga tangi la maji, akaipiga njia ya kwenda kisimani ikiwa tupu, mradi tu filamu iishe aende mjini. Nilikuwa nimeanza kupona, dawa ilikuwa ikifanya kazi yake, lakini kila nilivyopata nguvu ndivyo nilivyozidi kuwa na hofu. Nilikuwa nikipona kwa hesabu ya nani?

Alipoonekana akipanda kilima na ile bahasha, nilikimbilia nyuma ya tangi. Kimani ndiye aliyekuja kunitafuta. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Umetokea," aliniambia.

"Na Shosho?"

Alichuma jani akaanza kulichana. Nikaenda kuona. Pale pichani nilikuwa nimeonekana mzima, mwembamba kama ufito, macho yamenitoka. Kando yangu kulikuwa na weupe kutoka juu hadi chini.

Shosho aliichukua picha, akaiweka mbali na macho, akaiweka karibu. Kisha akapiga vigelegele. Alivipiga vile vya kupokea mtoto wa kike aliyezaliwa, kimoja baada ya kingine, hadi majirani wakaja kuuliza nani amejifungua. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Baba aliketi kwenye ngazi ameshika tama, na hakutuambia tena habari za sponji.

Ningependa kusema hofu iliisha hapo. Ilihama tu. Kila asubuhi kabla ya shule nilitoka nje kwanza kuangalia kama moshi unatoka kwenye jiko la Shosho. Siku ulipochelewa kutoka nilikimbia bila viatu, nikamkuta akipepeta maharagwe na kunitukana kwa kumletea baridi mlangoni. Mvua ilinyesha, mahindi yakakomaa, Shosho akawa hajafa. Krismasi ikarudi. Mwaka ukapita, na mwingine, na moshi ukaendelea kutoka. Baba alinunua kamera nyingine na wateja wakasahau, lakini Shosho hakusahau. Tangu siku ile hakukubali tena kupigwa picha, na zile za zamani zilizokuwa na sura yake, hata ile ya kwenye Biblia, alizitia motoni zote pamoja na filamu zake.

Nilipohitimu alikuja, akala, akacheza, kisha wakati wa picha akaenda kukaa nyuma ya hema. Nilipoolewa alifanya vivyo hivyo. Hata wazee walipoandikishwa ile pesa yao ya serikali, alifika ofisini, akaona kamera juu ya meza, akageuka na mkongojo wake akarudi nyumbani. Baba alimgombeza sana siku hiyo. Mimi nilijua sababu yake, maana aliniambia waziwazi siku nilipompelekea kamera yangu ya kwanza ya kazi aibariki. Aliishika, akaipima uzito, akanirudishia.

"Ni nzuri. Piga watu. Mimi usinipige."

"Shosho, hii haina filamu. Haina hata hiyo sponji."

"Mimi nikionekana, nani atafutika?"

"Hakuna."

"Hiyo hujui. Kuna kitu tulielewana na hiyo kitu iko huko, na mimi siivunji. Ama wewe uko na roho ingine umeweka mahali?"

Nilikasirika. Ninapata riziki kwa kuwahifadhia watu mama zao na bibi zao, na wangu mwenyewe ananikimbia. Nilitamani mikono yake, nilitamani ule mkunjo wa katikati ya macho yake, na mwanga wa jikoni kwake asubuhi ulikuwa wa kumfanya mpiga picha alie. Lakini sikumpiga hata kwa kuiba. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu mzima, mwenye leseni ya biashara ukutani, niliogopa.

Alifariki mwaka jana, mzee kabisa, baada ya kunywa chai na kuilalamikia kwamba haina majani ya kutosha. Ndipo tukakwama. Ratiba ya mazishi inataka picha, na jeneza linataka picha mbele yake. Kitambulisho chake kilikuwa kimefuliwa ndani ya aproni mara nyingi mpaka sura ikabaki kivuli. Jamaa wote walinigeukia mimi, mpiga picha wa ukoo, na mimi sikuwa na kitu. Mtoto wa Kimani, kijana mzuri tu asiye na ubaya, aliichukua ile picha yetu yenye weupe, akatoa simu yake.

"Auntie, hiyo ni kitu ndogo. Kuna app inaeza jaza hapo penye imechomeka. Naiambia tu itoe shosho mfiti, amependeza, hakuna mtu atajua."

Nilimjibu kwa ukali hata akarudi nyuma. Baadaye nilimwomba radhi kwa soda.

Baba ndiye aliyenitoa kwenye mkwamo. Alikuja studio asubuhi, amezeeka, amebeba kopo la mafuta ya kupikia ambamo huhifadhi negativu, vile vipande vya filamu zake za zamani. Akachagua moja bila kutafuta sana.

"Osha hii," aliniambia. "Ifanye kubwa."

Niliiweka kwenye mashine, nikaikuza kwenye kioo cha kompyuta, tukaketi bega kwa bega kuiangalia. Picha ile niliijua tangu utotoni, lakini niliijua ikiwa ndogo ya kutosha kiganjani. Kwa ukubwa ule niliona kitu ambacho siku zote nilidhani ni marinda ya gauni langu. Begani kwangu, upande wa kushoto, pale weupe unapoanzia, kulikuwa na vidole. Vilikuwa vimetoka ndani ya ule mwali, vimekaza, vikinisukuma.

"Nilijua itaingilia side gani, na bado nikapiga," baba alisema. Alisema hilo tu, akatoa kitambaa.

Nikiulizwa leo nitaeleza kama fundi. Sponji ilioza, mwanga ukaingia. Njoroge aliugua, na watu huugua. Mimi nilipona kwa dawa ya zahanati. Ninaamini hivyo na ninawafundisha vijana wangu hivyo. Lakini Shosho hakuwa na maelezo hayo, au alikuwa nayo na hayakumtosha. Yeye aliamini kifo kimesimama pale mwisho wa mstari, na akavaa gauni lake zuri akaenda kusimama nacho, kisha akaishi miaka yote iliyobaki bila kuacha sura yake popote ili mimi nibaki na yangu. Mimi niliyekuwa nikidhani ananinyima picha nilikuwa nimeketi juu ya zawadi hiyo muda wote.

Tuliiweka mbele ya jeneza. Sasa iko ukutani studio, kubwa, mkabala na mlango. Wateja wanaongoja picha zao za pasipoti huiangalia, na mara nyingi kuna mmoja anayesema, "Sister, lakini hii si ilichomeka? Mbona usitoe?" Ninawaambia huyo ni shosho yangu. Wanamtafuta, wanatazama kule kwenye weupe, wananitazama mimi kwa huruma kidogo. Basi nainuka, nawaonyesha lile bega la manjano, na wakishaviona vile vidole hawaulizi tena.